Salmonella bandani na nyumbani: ukiona hivi, angalia hapa

Kuna kitu watu wengi wanakichanganya na mimi mwenyewe nilikichanganya miaka mingi tu, yaani unadhani ile taifodi inayoua kuku bandani ndo ileile taifodi ambayo bibi kaambiwa anayo kule zahanati. Sio. Zimefanana jina tu. Ya kuku inaletwa na bakteria anaitwa Salmonella Gallinarum, na ndugu yake Pullorum ndo anaua vifaranga kwa kuhara kweupe, hawa wawili wamezoea ndege na ni nadra sana kumsumbua mtu. Ya binadamu inaletwa na Salmonella Typhi ambaye anaishi kwa binadamu peke yake, anatoka kwenye choo cha mtu mmoja anaingia kwenye maji na chakula cha mwingine, kuku hahusiki hata kidogo. Alafu kuna kundi la tatu, kina Enteritidis na Typhimurium na wenzao (jumla ya aina zinazojulikana zinapita 2,500), hawa wanakaa kwenye utumbo wa kuku na mara nyingi hawamfanyi chochote, kuku anakula vizuri anataga vizuri undu mwekundu kabisa, ila wewe ukila yai lake likiwa bichi unaweza kulazwa.

Sasa ukilijua hilo utaona kosa letu wafugaji liko wapi. Hela yote na akili yote tunapeleka kwa wale wawili wa kwanza kwa sababu tunaona mizoga, na yule wa tatu anayeumiza watu hamna anayemtafuta kwa sababu bandani haonekani. Kwa hiyo hapa chini nitaenda kwa dalili, naanza na zinazoonekana.

Vifaranga wanakufa, wana uchafu mweupe nyuma

Kwanza angalia umri. Wakifa siku ya 1 mpaka ya 4 mara nyingi ni safari, baridi, kiu, au kitovu kilichoingia uchafu, mpasue mmoja utakuta kiini hakijanyonywa na kinanuka. Pulorumu yenyewe vifo vyake vinapanda zaidi wiki ya 2 mpaka ya 3. Vifaranga wanajikusanya chini ya taa wakati bruda (sehemu ya kulelea vifaranga kwa joto) lina joto la kutosha, mabawa yameshuka, wanalia kwa sauti ya kinyonge wakati wa kujisaidia, na sehemu ya haja imezibwa na kinyesi cheupe kama chaki iliyolowa. Kama unatotolesha mwenyewe kwenye mashine utakuta pia mayai mengi yamefia ndani, kifaranga kakamilika lakini hakutoboa.

Tatizo ni kwamba baridi nayo inaleta uchafu nyuma, na hapa ndo tunapotezana. Mimi mwaka nilioanza nililetewa vifaranga 300, wakaanza kuziba nyuma, nikajiambia ni baridi ya usiku maana walisafiri na basi, nikaongeza mkaa, nikawaosha mmoja mmoja na maji ya uvuguvugu, nikawapa glukosi, na vifo vikaendelea kupanda kila asubuhi. Siku hizi nafanya hivi: narekebisha joto liwe nyuzi 32 mpaka 35 wiki ya kwanza, naangalia wamesambaa vizuri au wamerundikana, nasubiri siku mbili. Vifo vikishuka ilikuwa baridi. Vikipanda na joto liko sawa, napeleka maabara hapohapo, sisubiri ya tatu.

Ukiona damu kwenye kinyesi fikiria koksi (koksidiosisi, vimelea vya utumbo) kwanza. Ukiona kuhara kweupe kwa majimaji kwenye wiki ya 3 mpaka ya 6, wanajidonoa nyuma na wanatetemeka, fikiria gamboro (ugonjwa wa virusi), na ukimpasua utakuta vidoa vya damu kwenye misuli ya paja.

Chanzo cha pulorumu kwa kawaida hakiko kwenye bruda lako, kiko kwa mama. Kuku aliyeugua akapona anabaki nayo kwenye mfuko wa mayai maisha yake yote, anataga yai lenye ugonjwa ndani, kifaranga anatoka nao, na ndani ya mashine yale manyoya laini yanarusha vumbi linawapata wenzake mia mbili kwa usiku mmoja. Dawa utakayowapa itapunguza vifo, ni kweli, lakini waliobaki wanaweza kuwa wabebaji, kwa hiyo usije ukawafanya wazazi hata wakikua wakapendeza vipi. Dawa ya kweli ni kupima wazazi. Ni kipimo rahisi, tone la damu ya kuku linachanganywa na tone la dawa yenye rangi juu ya kibao, ndani ya dakika 2 ikiganda vipande vipande huyo ana maambukizi, anaondolewa. Marekani waliweka mpango wa taifa wa kupima wazazi mwaka 1935, wakati pulorumu inawamaliza vifaranga, na leo kwenye mashamba makubwa ya kule ugonjwa huo umebaki historia. Kwa hiyo swali la kumuuliza anayekuuzia vifaranga kabla hujatuma hela ni moja, wazazi wao walipimwa lini? Akianza kuzunguka tafuta mwingine. Mimi yule aliyeniuzia nilivyomuuliza baadaye alisema hajui hata kipimo chenyewe.

Wakubwa wanakufa ghafla, undu umepauka, kinyesi cha njano-kijani

Hapa ndo taifodi ya kuku. Anaanza kusinzia, hali, anakunywa maji sana, undu unakuwa kama umepakwa unga, mayai yanapungua, kesho unamkuta amelala. Sio wote kwa siku moja, ni wawili leo, watatu kesho, mmoja keshokutwa, inaweza kukuburuza wiki kadhaa.

Mdondo (wengine mnaita kideri) nao unaleta kinyesi cha kijani na watu wanakimbilia kusema taifodi. Tofauti ni kwamba mdondo unakuja kama moto, kwenye kundi lisilochanjwa unaweza kumaliza karibu wote ndani ya siku chache, na utaona kukoroma, shingo kupinda, miguu kupooza. Kipindupindu cha kuku nacho kinaua ghafla, ila mara nyingi ndevu na uso vinavimba. Na kama hujachanja mdondo kabisa, hebu anza na hiyo kwanza maana utakuwa unatafuta salmonella wakati mlango uko wazi.

Ukimpasua mwenye taifodi unakuta ini limevimba, na likikaa hewani kidogo linakuwa na rangi ya shaba yenye ukijani, bandama kubwa, na kwa kuku anayetaga vile viini vidogo vidogo vimesinyaa na kupoteza umbo. Ini la rangi ya shaba ndo linamtambulisha sana, lakini usitoe hukumu kwa ini peke yake. Na usipasue kwenye meza ya jikoni! Nje, glovu, mifuko miwili, alafu mahali pale mwaga dawa.

Kupeleka maabara: chukua waliokufa muda huohuo au wagonjwa wawili watatu wakiwa hai, aliyeoza hana faida, weka mifuko miwili, kwenye kibebeo chenye barafu ila usiwagandishe. Tanzania TVLA (wakala wa maabara za mifugo wa serikali) wapo pale Temeke na wana vituo kanda mbalimbali, Morogoro kuna chuo kikuu cha kilimo SUA, Kenya kuna maabara kuu ya mifugo Kabete. Waambie wazi umeshawapa dawa gani, maana ukiwa umewanywesha antibayotiki jana kipimo cha kuotesha kinaweza kutoka safi wakati ugonjwa upo. Na omba wapime ni dawa ipi inamuua kimelea huyo, usiishie kwenye jina la ugonjwa tu. Majibu yanachukua siku kadhaa, ndo ilivyo, bakteria lazima aoteshwe.

Chanjo ipo, ile hai inayotumia aina ya 9R, inachomwa kuanzia wiki ya 6 hivi au ya 8 na kurudiwa kabla hawajaanza kutaga, fuata karatasi ya chanjo uliyonunua. Ni chanjo hai kwa hiyo ukiwa unawapa antibiotiki siku hizo unaiua na umetupa hela yako. Nimeona watu wanachanja asubuhi jioni wanawapa OTC (antibiotiki ya oxytetracycline) "ili wasipate stresi", alafu miezi miwili baadaye wanasema chanjo feki.

Ukitoa dawa wanapona, ukiacha inarudi

Hili ndo swali ninaloulizwa kuliko yote. Sababu ziko kadhaa na mara nyingi ziko mbili tatu kwa pamoja.

Ya kwanza dozi. Dawa inawekwa kwenye maji kwa kukadiria, mgonjwa hanywi kama mzima, na ikifika siku ya tatu wakichangamka mtu anaacha ili ibaki kwa baadaye. Ya pili usugu, kimelea ameshazizoea zile dawa za kila siku kwa sababu tumekuwa tunawapa hata kuku wazima kama vitamini. Ya tatu, na hii watu hawaitaki kabisa, ni wabebaji. Kuku aliyepona anaendelea kutoa vimelea kwenye kinyesi. Historia ya binadamu ina mfano wake, New York kulikuwa na mpishi anaitwa Mary Mallon, yeye hakuwa na dalili yoyote ila karibu kila nyumba alikopika watu walipata homa ya matumbo, walimweka karantini 1907 wakamwachia 1910, akarudi kupika, wakamkamata tena 1915 akakaa huko mpaka alipofariki 1938. Bandani kwako kuna kina Mary, na huwezi kuwajua kwa macho.

Ya nne panya. Panya mmoja mdogo anaacha vinyesi kama 50 mpaka 100 kwa siku na anavipitisha kwenye chakula, na yeye anaambukizwa na kuku wa kundi la zamani anawasubiri wapya. Mtu anaosha banda, anapiga chokaa, anaweka kundi jipya, wiki ya sita shida imerudi, analaumu vifaranga, kumbe panya walikuwa darini muda wote. Angalia pia stoo ya chakula, magunia yasigusane na ukuta, yawe juu ya mbao, na usiku pita na tochi. Ukimwona mmoja mchana jua wako wengi.

Mbebaji hatibiki kwa uhakika. Kwa kundi la wazazi jibu ni kuwaondoa. Kwa kundi la mayai ya biashara ni hesabu ngumu najua, ada ya shule inatoka hapo, lakini kundi linalokufa kidogo kidogo na kula dawa kila mwezi kaa chini upige hesabu ya dawa, vifo na mayai yaliyopungua, utashangaa. Na mayai ya siku za dawa, mpaka zile siku zilizoandikwa kwenye chupa ziishe, hayaendi sokoni na hayaendi kwa jirani.

Kitu kimoja naomba sana tuache. Kuku akianza kusinzia tunamuwahi, tunachinja haraka "asife bure", au tunamuuza bei ya kutupa kwa mama ntilie. Umechinja kuku ambaye hujui ana nini, damu na utumbo umemwaga uani ambako watoto wanacheza, na nyama imeingia jikoni. Mzoga nao usiwape mbwa wala usitupe korongoni, choma au fukia chini kabisa.

Kuku wazima kabisa, ila watu wanaharisha

Hapa ndo pagumu. Bandani hamna dalili, dalili iko kwa watu. Shughuli imefanyika Jumamosi, Jumapili usiku watu sita wa sehemu tofauti wanaharisha na homa, unauliza walikula nini wote, unakuta ni kachumbari iliyokatwa kwenye ubao wa kuku au mayonezi ya kutengeneza nyumbani.

Enteritidis anaingia kwenye yai kabla ganda halijatengenezwa, anatoka kwenye mfuko wa mayai, kwa hiyo yai safi linalong'aa lisilo na ufa linaweza kuwa naye ndani. Mayai ya hivyo ni machache, Marekani waliwahi kukadiria moja kati ya 20,000, lakini fikiria jinsi unavyopika. Ukivunja yai moja ukakaanga unacheza na yai moja. Ukivunja trei nzima kwenye beseni kwa ajili ya keki za harusi au chipsi mayai, ukaliacha beseni juani kwa muda wa saa tatu, yai moja baya limeshakuwa thelathini.

Na joto letu halisaidii. Yai likiwa jipya la leo, ute unamzuia bakteria, unamnyima madini ya chuma na una vitu vya kumuua. Kadiri siku zinavyoenda utando wa kiini unalegea, chakula kinavuja kwenye ute, na hapo anaanza kuzaliana. Kwenye nyuzi 20 inachukua wiki kama tatu, kwenye stoo ya bati Dar es Salaam ni haraka zaidi. Kwa hiyo trei iliyokaa dukani dirishani jua linapiga sio sawa na ya jana hata kama bei ni moja.

Waingereza walipitia hili vibaya. Desemba 1988 naibu waziri wao wa afya, Edwina Currie, alisema mayai mengi yanayozalishwa nchini yana salmonella, mauzo ya mayai yakaporomoka na yeye akajiuzulu ndani ya wiki mbili. Alizidisha kwenye hesabu ila shida yenyewe ilikuwepo. Kilichowatoa ni kuchanja kuku wa mayai dhidi ya Enteritidis, kupambana na panya, kupima makundi, na kuanzia 1998 mayai ya mpango huo yanagongwa muhuri wa simba. Mwaka 2017 ndo wakaruhusu hata wajawazito na watoto kula mayai ya muhuri huo yakiwa hayajaiva sana. Wasweden walianza mapema zaidi, baada ya mwaka 1953 nyama kutoka machinjio ya Alvesta kuumiza watu kama 9,000 na kuua kama 90, leo kundi la kuku likikutwa nayo kule linaondolewa. Sisi kwetu hatuna muhuri wa kuangalia, yai bichi la kunywa na asali au maziwa kwa ajili ya nguvu au kifua naomba tuliache, hata la kienyeji, tena la kienyeji kuku wake ndo hajawahi kupimwa na yeyote.

Sasa utajuaje kundi lako zima lina salmonella ya kimya? Njia rahisi niliyoipenda ni ya buti. Unavaa mifuko ya kitambaa au soksi safi juu ya buti, umezilowesha kidogo na maji safi yaliyochemshwa yakapoa, unatembea banda zima, kona zote, chini ya vyombo vya maji, alafu unazivua kwa glovu unaweka kwenye mfuko safi unapeleka maabara siku hiyohiyo. Kinyesi cha kundi zima kiko kwenye hizo soksi, huna haja ya kumkamata kuku hata mmoja. Ulaya makundi ya mayai yanapimwa hivi angalau kila wiki 15, kuanzia wanapokuwa na wiki 22 mpaka 26. Wewe ukifanya mara moja vifaranga wakifika (chukua karatasi ya chini ya boksi), mara moja kabla hawajaanza kutaga na mara moja katikati ya utagaji umeshajua mengi kuliko majirani zako wote. Piga simu kwanza uulize bei na siku ya kupokea sampuli. Wafugaji watatu wanne mnaweza kwenda pamoja kupunguza nauli, ila kila mtu na mfuko wake, zisichanganywe.

Ikitoka ipo, angalia chakula. Dagaa walioanikwa chini mchangani, damu, mifupa iliyosagwa, hivi vinaweza kuleta salmonella toka nje. Nunua dagaa wa chanja kama unapata. Angalia maji, vyombo vya wazi kuku anajisaidia humohumo, hamia kwenye nipo (vinyweo vya chuchu vinavyotoa tone kuku akidonoa) ukiweza, vinginevyo osha kila siku na weka klorini kwa kipimo (siku za chanjo ya maji usiweke). Angalia trei, zile za karatasi zinazozunguka kutoka dukani kwenda shamba hili na lile ni gari la ugonjwa, nunua za plastiki zinazooshwa, za karatasi zikitoka zisirudi.

Yai chafu watu wanalifuta na kitambaa kimoja kilicholowa, trei nzima kitambaa hichohicho, hapo umelipaka kila yai uchafu wa jirani yake. Na ukilitumbukiza kwenye maji ya baridi ndo mbaya zaidi, ndani linasinyaa linavuta maji machafu kupitia vitundu vya ganda. Okota mara tatu nne kwa siku, badilisha maranda kwenye viota, yai lenye kinyesi kingi liweke pembeni usilichanganye na ya kuuza.

Mtu anaharisha, homa, tumbo linakata

Kwa salmonella ya chakula dalili zinaanza saa 6 mpaka siku 6 baada ya kula, wengi ni ndani ya siku moja au moja na nusu, na zinaisha zenyewe ndani ya siku 4 mpaka 7. Kinachoua ni kukaukiwa maji, kwa hiyo ORS (ile pakiti ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji) ndo dawa namba moja, na kama huna, lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi. Mtoto anaongezewa zinki, miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 mpaka 14, chini ya miezi 6 anapewa 10, na anaendelea kunyonya. Antibayotiki kwa mtu mzima mwenye afya aliyeharisha tu kwa kawaida haihitajiki na inaweza kufanya aendelee kutoa vimelea muda mrefu zaidi, kwa hiyo acha kwenda duka la dawa kuchukua vidonge sita vya kubahatisha.

Usisubiri nyumbani kama kuna damu kwenye choo, homa imefika 39, anatapika hata maji hayakai, hakojoi, macho yameingia ndani, au kuharisha kumepita siku 3. Na hawa wapelekwe mapema hata kama dalili ni ndogo: mtoto chini ya mwaka mmoja, mzee, mjamzito, mwenye selimundu, mwenye VVU, mtoto mwenye utapiamlo au aliyetoka kuugua malaria. Kwa watoto wa Afrika salmonella isiyo ya taifodi inaweza kuingia kwenye damu na ikaonekana kama homa tu, hamna kuharisha kabisa, na inafanana na malaria. Sio lazima iwe imetoka kwa kuku, kuna aina inayoonekana kupita mtu kwa mtu, ila mtoto mwenye homa kali ambaye kipimo cha malaria hakina kitu, au katibiwa malaria na homa haishuki, mwambie daktari wazi na uliza kuhusu kuotesha damu.

Alafu hili la Widal, kile kipimo cha damu cha taifodi. Mtu ana uchovu, anapimwa Widal, anaambiwa ana taifodi, anachomwa sindano, mwezi ujao tena, mwaka mzima "taifodi sugu". Kipimo hicho ni cha tangu 1896, kinaangalia kinga mwilini, hakimwoni mdudu mwenyewe, kwa hiyo uliyewahi kuumwa zamani, uliyechanjwa, au uliyepata salmonella nyingine kinaweza kuonyesha unayo wakati huna. Mfugaji wa kuku anayekutana na salmonella nyingine ana sababu zaidi ya kutokutegemea Widal moja. Uliza kama wanaweza kuotesha damu kabla hujaanza dawa. Na mwambie daktari kwamba unafuga, watu wengi hawasemi.

Ukipona unaweza kuendelea kutoa vimelea kwenye choo wiki kadhaa, watoto zaidi. Anayeharisha asipikie watu, asiokote mayai, na baada ya hapo sabuni baada ya choo bila kuruka hata siku.

Ndani ya nyumba

Bruda sebuleni. Wengi tunaanza hivyo, umeme uko ndani na paka wako nje, ila kifaranga mzima anaweza kuwa nayo kwenye manyoya na mtoto anambusu. Marekani mwaka 2020 watu wengi walipoanza kufuga uani walihesabu wagonjwa 1,722 waliohusishwa na kuku wa nyumbani. Bruda litoke sebuleni, na walio chini ya miaka 5 wasishike vifaranga, wakishika wanawe hapohapo ukiwaangalia.

Kuku mbichi usimwoshe kwenye sinki kwa bomba linaloruka, matone yanafika kwenye vyombo safi. Najua kwetu kutoosha nyama ni kama tusi, basi osha kwenye beseni lake kwa upole, maji umwage, beseni lioshwe kwa sabuni na maji ya moto, mikono pia, na kachumbari ikatwe kwanza kabla kuku hajatolewa. Kuku aive mpaka mfupani, nyuzi 74 kama una kipima joto, kama huna basi ile juisi ya kwenye paja iwe haina wekundu. Firigisi na maini vilevile.

Mbolea mbichi ya kuku usimwage kwenye mchicha, irundike ichemke na kugeuzwa mpaka ipoe yenyewe, au weka shambani kwenye mahindi mapema kabla hujapanda.

Umeuza kundi lote, unataka kuanza upya

Toa maranda yote, fagia, kwangua, osha kwa sabuni na maji mpaka sakafu ionekane rangi yake, acha ikauke, ndo upige dawa. Dawa ikimwagwa juu ya kinyesi inakufa hapohapo, hiyo ya kwenye dimbwi la kukanyagia mlangoni nayo ikishakuwa tope haina kazi, ibadilishe kila siku. Salmonella anakaa kwenye vumbi kavu miezi mingi kwa hiyo usisahau juu, kwenye kenchi, nyaya na feni. Maliza panya wakati banda ni tupu maana wakikosa chakula wanakula sumu kwa urahisi. Acha banda likae wiki mbili, alafu pita tena na zile soksi za buti sakafuni, kitambaa safi kwenye kenchi na kwenye vyombo vya maji, peleka maabara, na majibu yakirudi safi ndo upige simu kuagiza vifaranga.